Mama Aliyeachwa Kushika Hema

Wakazi wa Garsen, na nyinyi mnaokuja kutoka Hewani, Kau na Ozi siku ya soko, tafuteni mahali penye kivuli mkae. Nina jambo zito la kusema, na watu wanaonifahamu wamenisihi niliseme bila mzaha. Nitajitahidi. Kicheko kikiniponyoka njiani, kiokoteni mkiweke kando, maana mwishoni mwa habari hii kuna mafunzo, na mafunzo ni kama mgeni mzee: hapendi kukaribishwa kwa kelele.

Palikuwa na familia moja karibu na mto, si mbali na Hewani, iliyoishi kwa amani ya kuchosha. Mwenye nyumba aliitwa Karisa. Mkewe aliitwa Pekeshe. Mama yake Karisa, mjane, aliitwa Kahaso, na sisi watoto wa majirani tulimwita Hawe Kahaso. Hawe ni bibi kwa Kigiriama, na huyu alikuwa bibi wa kila mtu aliyepita pale akiwa na njaa.

Jioni moja walikuwa wamekaa uani. Kahaso alikuwa akipukuchua mahindi juu ya mkeka. Pekeshe alikuwa akisonga sima. Binti yao, Dama, alikuwa akifukuza kuku aliyekuwa na haki zaidi ya kuwepo pale kuliko yeye. Karisa alikuwa na redio sikioni, na redio ilikuwa ikisema kwamba huko bara kumenyesha sana na mto unakuja.

"Maji hayafiki hapa," Karisa akasema. "Babu alikaa hapa miaka yake yote."

"Babu yako alikaa hapa na mtumbwi umefungwa mlangoni," Kahaso akamjibu, wala hakuinua macho.

Maji yakafika. Yalikuja bila makelele, yakapita chini ya mlango kama mtu wa nyumbani. Kufikia kesho yake familia ile ilikuwa imekaa kwenye ardhi ya juu kando ya barabara kuu, pamoja na vijiji vizima, ndani ya hema la turubai walilopewa kama wenzao wote. Nyumba yao ya udongo ilirudi kuwa udongo.

Sasa lazima nieleze desturi moja ambayo hamtaikuta katika kitabu chochote cha shule, ingawa nyote mnaijua vizuri na baadhi yenu mnatazama chini sasa hivi. Kule kambini, hema lenye mtu ndani lilihesabika kuwa hema. Hema lisilo na mtu liling'olewa, akapewa mwingine. Na gari la unga halikuwa na adabu ya kutoa taarifa. Lingeweza kuja leo, lingeweza kuja wiki ijayo, na likija likute mtu. Kwa hiyo kila familia iliyoondoka kwenda kutafuta maisha mengine ilimwacha mtu mmoja hemani. Nani aachwe? Baba ana kazi. Mama ana watoto. Watoto wana shule. Akabaki yule ambaye, kwa maoni ya wote, hakuwa na haraka ya kwenda popote. Yaani mzee.

Kazi hiyo ikaitwa kushika hema. Hata salamu zikabadilika. Ukiuliza, "Bibi yenu hajambo? Yuko wapi siku hizi?" unajibiwa, "Hajambo, anatushikia hema." Na lilisemwa kwa fahari, kana kwamba bibi ameajiriwa na serikali.

Karisa alikwenda mjini Garsen. Mungu akambariki, nami simwonei wivu. Alifungua duka la misumari, mabati na simiti, na nyuma ya duka akajenga nyumba ya vyumba vitatu: kimoja chake na mkewe, kimoja cha Dama na wadogo zake, na kimoja cha mama. Nataka muelewe kwamba Karisa hakuwa mtu mbaya tangu asubuhi. Chumba cha mama alikipaka rangi ya samawati kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mama yake aliipenda samawati. Halafu lori la simiti likaja siku ambayo stoo imejaa. Simiti haitaki unyevu, na chumba kikavu kuliko vyote kilikuwa kile cha samawati.

"Ni kwa siku chache tu," Karisa akamwambia Pekeshe.

Mifuko ikaingia. Simiti ile ikauzwa, ikaja nyingine, na hiyo nayo ilikuwa ya siku chache tu.

Mwanzoni alikuwa akienda kambini kila Jumamosi kwa pikipiki.

"Vumilia kidogo, mayo," alimwambia mama yake. "Wanasema msaada wa mwisho bado haujaja."

"Huo wa mwisho unatoka nchi gani, mwanangu, hata ukachelewa hivi?"

"Utakuja. Ukiondoka sasa tutapoteza nafasi."

"Haya. Nitashika."

Kisha Jumamosi zikawa na kazi nyingi. Akaanza kumtuma mtoto apeleke unga. Msaada wa mwisho ulikuja, ukapita, na haukujitambulisha kwamba ndio wa mwisho. Wengine wakaja kuwachukua wazee wao. Mwenye shamba palipokuwa na kambi akataka ardhi yake alime. Kahaso akakunja hema lake, akalibeba kichwani, akalisimamisha upya katika uwanja ulio nyuma ya soko la Garsen, mahali wanapolala watu wasio na pa kulala. Kutoka hapo hadi dukani kwa mwanawe, mtu mwenye magoti mazima hamalizi nusu ya wimbo.

Pekeshe alisema mara moja, "Baba Dama, watu wataanza kusema."

"Waseme nini? Mama mwenyewe hajalalamika."

Na hilo, ndugu zangu, lilikuwa kweli, na ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Hakulalamika. Ukimsimamisha Kahaso sokoni ukamuuliza anaishi vipi pale nyuma, alikujibu kwa utulivu, "Mimi sina shida. Namshikia mwanangu hema." Na jina la mwanawe hakulitaja kwa wageni, kama mtu anayefunika sufuria ili nzi wasiingie.

Mvua za mwaka uliopita zilipomkuta pale, uwanja ule ukawa bwawa, na Kahaso akapata kikohozi kilichokaa kifuani hadi kiangazi. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza kifua akamwambia bila kuzunguka, "Bibi, ukilala tena juu ya maji msimu mmoja, sitakuwa na dawa ya kukupa." Kahaso akashukuru, akarudi hemani. Masika ikawa inakaribia, na upepo ukaanza kunuka mvua.

Wakati huo ndipo alipofika Beryl.

Beryl alikuwa dada wa makamo aliyetoka Malindi, mwenye sauti ndogo na subira kubwa kuliko ya walimu wote walionifundisha, na sio kwamba niliwapunguzia kazi. Kazi yake ilikuwa michezo ya kuigiza na hadithi, na aliifanya na watu wasio na makazi. Wakubwa kadhaa wa mji walimuuliza kwa nini asiwaletee blanketi. Akasema blanketi wameshaletewa, bado hawajaletewa mtu wa kuwasikiliza. Akapewa kibanda kimoja cha soko chenye paa la mabati, akaweka birika la chai, akangoja.

Wa kwanza kuja alikuwa Dahabo, mwanamke wa Kiorma ambaye ng'ombe wao walikufa wote wakati wa ukame, na mumewe akaenda kutafuta kazi mbali na hajaiona njia ya kurudi. Wa pili alikuwa Dadacha, mchungaji mzee aliyekuwa akilala kwenye baraza za maduka na aliyezoea kuzungumza na mbuzi wa watu kwa sababu watu wenyewe hawakumjibu. Kisha wengine. Kahaso alikuja wa mwisho, akakaa karibu na birika.

"Mimi nimekuja kwa chai," alimwambia Beryl mapema, ili kusiwe na kutoelewana. "Sio mtu asiye na nyumba mimi."

"Chai ipo, Hawe. Kaa."

Beryl alikuwa na kanuni zake. Hakuna kumuuliza mtu kwa nini hana nyumba. Hakuna mtu kusimulia habari zake mwenyewe. Unamnong'oneza mwenzako, na mwenzako ndiye anayeisimulia, tena kwa kuivisha nguo za watu wa kwao, hata mwenyewe asitambulike. Mvuvi akasimulie habari ya mkulima kama ya wavuvi. Mfugaji akasimulie ya mvuvi kama ya wafugaji. Na siku mchezo unapoonyeshwa hadharani, mtazamaji yeyote anayeona mtu wa mchezoni anakosea anaweza kusema "Simamisheni," akaingia, akachukua nafasi yake, akafanya lile ambalo lingepaswa kufanywa.

Mazoezi yalikuwa na kazi yake. Siku ya kwanza Beryl alimwambia Dadacha aigize mume.

"Mume wa nani?" akauliza Dadacha.

"Wa Dahabo."

"Ng'ombe wa mahari sina."

"Ni mchezo, mzee."

"Hata mchezo una mahari. Baba yake akisikia?"

"Baba yangu alikufa," Dahabo akasema, "na angekuwa hai angekukataa hata ungekuwa na ng'ombe."

"Basi mimi nitakuwa ng'ombe," Dadacha akasema, na kwa siku nyingi alikuwa ng'ombe, tena ng'ombe mzuri, mwenye huzuni.

Kahaso alikunywa chai yake na kumsahihisha kila mtu. Huyu analia kama anapiga chafya. Yule anabeba mtungi kana kwamba hauna maji. Hadi asubuhi moja, bila kuombwa, alisogeza mkeka wake karibu na Dahabo, akainama, akamnong'oneza. Alinong'ona muda mrefu. Dahabo alianza kusikiliza akiwa anatabasamu, akamaliza akiwa ameshika mkono wa yule mama. Kahaso alipomaliza akaomba aongezewe chai.

Kutokana na mnong'ono ule Dahabo alitengeneza mchezo wa kisima.

Beryl alipoona mchezo umeiva, alizunguka madukani kuomba viti kwa ajili ya watazamaji. Karisa, ambaye hadharani mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayegombea udiwani, alitoa viti vyote na pipa la maji ya kunywa. Beryl hakujua huyo ni mtoto wa nani. Dahabo hakuwa ameambiwa jina wala hakuwa amemwona. Kwa hiyo msije mkasema alitegwa. Wakamshukuru kwa njia ya pekee waliyokuwa nayo: wakamfanya mgeni wa heshima.

Siku ya soko ikafika. Wenye mbuzi walikuwa wamemaliza kubishana, watu wakasogea. Karisa alikaa mbele kabisa amevaa koti, katika joto la Garsen, jambo ambalo peke yake linastahili heshima. Pekeshe alikaa kulia kwake. Kushoto kwake alikaa Ngala, muuza samaki, ambaye kazi yake katika mikutano yote ni kukubaliana na aliye karibu naye.

Mandhari ya mchezo yalikuwa kibanda cha wafugaji karibu na kisima. Mikeka ya kujengea kibanda haikupatikana, kwa hiyo walichukua turubai la Kahaso na miti minne. Upepo wa masika ulikuwa umeanza, turubai likawa linataka kuruka, na Kahaso ndiye aliyepewa kazi ya kukaa nyuma yake ameshika kamba. Watazamaji hawakumwona. Yeye pia hakuona mbele, alisikia tu.

Dahabo alikuwa mama mzee. Dadacha, aliyemzidi umri kwa mbali, alikuwa mwanawe, na watu walicheka hata kabla hajafungua mdomo. Sisi wanafunzi tuliokuwa likizo tulikuwa ng'ombe. Naweza kusema kwa unyenyekevu kwamba ng'ombe walikuwa kimya, jambo ambalo shule yetu haijawahi kulishuhudia.

Mwana akamwambia mama yake, "Foleni ya maji ni ndefu, na majani yameisha hapa. Wewe kaa, ushike zamu yetu. Mimi napeleka ng'ombe kule, nitarudi."

"Haya," akasema mama. "Nitashika."

Mwana akaondoka na ng'ombe. Huko mbele akakuta kisima kingine kilicho karibu na majani, akanywesha huko, akajenga huko, akaoza binti yake huko. Kwenye kisima cha kwanza zamu ya mama ikafika. Hakuwa na ng'ombe wa kunywesha. Akawapisha walio nyuma yake, kisha akaenda kukaa tena mwisho wa foleni, zamu ya familia isije ikapotea. Ikafika tena. Akapisha tena. Wapita njia wakamuuliza, "Mama, unangoja nini hapa?"

"Sina shida," akasema Dahabo. "Namshikia mwanangu zamu."

Watu walicheka mara ya kwanza. Mara ya pili walicheka wachache. Mara ya tatu yule mama alipoinuka akisaidiwa na mkono wake mwenyewe na kurudi mwisho wa foleni, hakuna aliyecheka isipokuwa Karisa, ambaye alimgeukia Ngala akasema kwa sauti ya mtu aliyetoa viti:

"Wafugaji hawa. Ng'ombe akipotea wanamtafuta mwezi mzima. Mama akipotea wanasema Mungu anajua."

"Mungu anajua," Ngala akakubali.

Baadhi ya wenye mbuzi walisimama. Dadacha alikuwa pembeni ya uwanja akingoja zamu yake ya kuingia, na alisikia kila neno. Hakukasirika. Aliegemea fimbo yake akasema, "Mgeni wa heshima ana maneno mazuri. Maneno yasiozee kwenye kiti. Aje."

Beryl akaeleza ile kanuni ya kusimamisha. Karisa akafunga vifungo vya koti. Pekeshe, ambaye tangu zamu ya pili alikuwa ameacha kutazama mchezo na kuanza kutazama mikono yake, akamvuta koti.

"Baba Dama, kaa."

"Kwa nini? Niache nikawaonyeshe."

"Nakuomba ukae."

Hakukaa. Alisema "Simamisheni," akaingia uwanjani, akapokea fimbo kutoka kwa Dadacha, na watu wakampigia makofi. Nilikuwa ng'ombe, nilikuwa karibu, niliona vizuri.

"Mama," alimwambia Dahabo, "nimekuja kukuchukua."

Dahabo hakutaka kumrahisishia. "Nikiondoka zamu yetu itapotea."

"Ipotee. Zamu ya maji itapatikana nyingine. Mama haji mara ya pili." Makofi yakarudi, na Karisa akapata moto. "Mtoto gani anakula na kushiba, na mama yake yuko nje? Inuka. Leo hulali hapa. Unakwenda nyumbani kwako."

"Kwangu wapi? Mtakuwa mmeshanisahau. Nitalala wapi huko?"

"Chumba chako kipo. Nimekipaka rangi ya samawati, unavyoipenda, kwa mkono wangu mwenyewe..."

Hapo akalisikia neno lake mwenyewe.

Lilikuwa limetoka lenyewe. Mtu akisema haraka husema kilicho karibu. Alisimama na fimbo ya Dadacha mkononi, mdomo wazi kidogo, na nyuma ya Dahabo turubai likaanza kulegea. Kona moja ikashuka. Kisha ya pili. Lile banda lote likajishusha taratibu chini, na nyuma yake alikuwa amesimama Kahaso, anafungua fundo la mwisho.

Hakuwa na haraka. Alilitandaza turubai chini, akaanza kulikunja, pembe juu ya pembe, akilipangusa vumbi kila mara.

Dahabo akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama Kahaso, mchezo bado haujaisha."

"Nyinyi endeleeni," Kahaso akasema. "Mimi nimekuja kuchukuliwa." Halafu akamwinulia mwanawe macho. "Haya, baba. Nimekusikia. Ngoja nikunje tuondoke."

Soko la Garsen lina kelele hata siku za msiba. Siku ile nilisikia mbuzi akitafuna.

Karisa alitazama watu. Wanaomjua walikuwa wameshamjulisha kwa wasiomjua. Kulikuwa na njia moja ya kutokea, na sote tuliijua: angecheka kidogo aseme, "Mama, ule ni mchezo tu." Maneno hayo yalikuwa mdomoni mwake. Tuliyaona yakitembea kwenye shavu. Na kama angeyasema, mama yule angelifungua lile turubai akalisimamisha tena, bila kulalamika, na masika ingemkuta pale pale.

Aliyetangulia kusogea ni Pekeshe. Aliacha kiti chake, akaingia uwanjani bila kusema "Simamisheni," akashika upande wa pili wa turubai, wakakunja pamoja kama wanavyokunja shuka.

"Chumba kina simiti, Mama," akamwambia. "Sitakudanganya. Lakini simiti hubebwa."

Kahaso akamtazama mwanawe. Karisa akamrudishia Dadacha fimbo, akavua koti, akainama akajitwika lile turubai begani.

"Twende, mayo," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, na haikuwa ya mgeni wa heshima.

Wale wenye mbuzi waliokuwa wamesimama kwa hasira walifuata nyuma, na ndio waliotoa mifuko ya simiti kwenye chumba cha samawati, Waorma na Wagiriama, wakipishana mlangoni na kutukanana kwa upole kuhusu nani ana mgongo dhaifu. Mifuko ikapangwa barazani, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuifunika, ikafunikwa kwa turubai la Kahaso.

Msidhani Karisa aligeuka malaika. Alimfuata Beryl kibandani akamwambia, "Mlinitega mbele za watu."

"Viti ulitoa mwenyewe," Beryl akamjibu. "Na kusimama ulisimama mwenyewe. Chai?"

Akakataa chai. Siku nyingine akaja tena, akakubali.

Mvua zilipoanza, maji yakaingia barazani na sehemu ya simiti ikaganda ikawa mawe. Karisa aliitazama, akatikisa kichwa, akaingia ndani. Kahaso alikuwa kitandani, amejifunika leso mbili, anamfundisha Dama kusuka ukili. Kifua chake kilipita masika ile bila kukohoa sana.

Bado anakwenda kibandani asubuhi, na bado anasema amefuata chai. Siku moja Dahabo alimuuliza lile swali ambalo mji wote ulikuwa ukiliuliza. "Niambie kweli, mama. Siku ile ulimwamini, au ulimnasa?"

Kahaso alipuliza chai yake. "Mwanangu alisema mbele ya watu kwamba amekuja kunichukua. Mama akisikia mtoto wake anasema hivyo, afanye nini tena? Anachukua vitu vyake."

MAFUNZO

Sasa tumefika, nami nafunga vifungo vyangu.

Kwanza, mzee si kigingi cha kufungia kamba. Mmezoea kumwacha ashike: ashike hema, ashike shamba, ashike nafasi ya familia pale ambapo familia yenyewe imeshaondoka. Kwa kuwa hana haraka, mnadhani ana muda. Muda ndio kitu alichobaki nacho kidogo kuliko sisi sote.

Tena, msipime upendo wa mtu kwa kutolalamika kwa mama yake. Mama anayesema "sina shida" huenda anakufichia aibu yako, na kuificha kunamchosha kuliko kulala nje.

Na wewe unayeona ubaya upesi katika nyumba za jirani, za kabila lile la ng'ombe au kabila lile la jembe, jichunge unapoinuka kuwafundisha. Karisa alimjua vizuri sana yule mtoto mkosefu alipokuwa amevaa nguo za Kiorma. Hakukosea hata neno moja la kumwambia.

Wengine walisema kazi ya Beryl ni kupoteza wakati, kwamba asiye na nyumba hahitaji hadithi. Mimi nasema walisema nusu ya ukweli, nami sikubaliani na wakubwa kila siku. Hadithi haikumjengea Kahaso nyumba. Nyumba ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kumsikia.

Lakini nisiwaache mkiwa mmefurahi mno, maana Dahabo na Dadacha hawakuwa na mtoto aliyekaa kiti cha mbele. Hakuna aliyeinuka kwa ajili yao. Mvua ile waliipokea baraza hadi baraza, na hadi leo ninapowaambia haya hawana mlango. Sisi tuliowapigia makofi tulirudi majumbani, tukafunga milango kwa sababu ya mbu.

Kwa hiyo nendeni. Kila mmoja akifika kwake afungue vyumba vyote, hata kile cha mwisho ambacho ufunguo wake husumbua, atazame ameweka nini mahali pa mtu.